Ndagala Hahesabiwi

Mwiba ulinichoma ulimi nikiwa na tonge la tatu mdomoni, na hapo ndipo nilipojua kuna kitu hakiko sawa. Ndagala hana mwiba. Dagaa wa ziwa lolote ninalolijua unamtafuna kuanzia kichwa hadi mkia huku unaongea. Nikakitoa kile kitu kinywani kwa vidole viwili, nikakiweka ukingoni mwa sahani, nikakitazama.

Kilikuwa kisamaki cha urefu wa kidole changu. Kilikuwa kimekaushwa, kikapikwa kwa mawese na nyanya hadi rangi yake ikapotea, lakini jicho lilikuwa palepale, kubwa kupita kiasi, na shavuni ilijipanga miiba mitano midogo. Miiba ile naijua. Ndiyo inayonilipia nyumba.

“Mama Scholastique,” nikasema. “Hii ni nini?”

“Ni mboga, chef,” akajibu, maana kwao chef ni bosi, akinisogezea bakuli. “Kula. Iko mingi.”

Sikuweza kula. Sikuweza hata kunawa. Nilikaa pale kwenye kochi lake, katika fleti yake ya Alief, Jumamosi saa saba mchana, mkono umejaa mafuta.

Naitwa Fiona Cheruiyot. Ndugu zangu wote waliokuja Texas ni wauguzi. Dada yangu Lydiah, wa Pearland, huniita daktari wa samaki, na huwa hasemi kwa heshima. Nilisomea uvuvi pale Eldoret, ambako bahari tuliiona kwenye slaidi, na nilipofika Houston kila mtu aliniambia niachane na hayo mambo nirudi darasani nijifunze kutundika dripu. Nina kichwa kigumu. Nilikataa, nikatafuta, nikapata kazi moja tu katika jiji lote hili inayohitaji mtu anayejua samaki wa bahari za baridi, na nikaishika kwa meno.

Kazi yenyewe ni hii. Kaskazini ya mbali, ambako bahari ni baridi mwaka mzima, kuna meli zinazokokota nyavu chini kabisa kutafuta kamba, wale wadogo wa rangi ya waridi wanaowekwa kwenye saladi. Wavu haujui kuchagua. Pamoja na kamba huingia samaki ambao hakuna aliyewataka. Kwa hiyo ndani ya wavu hufungwa fremu ya nondo: samaki mkubwa akiigonga anapanda juu na kutokea kwenye tundu, kamba wanapita katikati ya nondo. Shida ni wadogo. Mtoto wa samaki mwekundu wa kina kirefu ana ukubwa sawa na kamba, naye anapita pamoja nao, na akishafika juu amekwisha kufa. Mwaka huu meli zilikuwa zinajaribu fremu mpya, yenye nondo zilizokaribiana zaidi.

Kila wavu unapoinuliwa, mabaharia huchota kilo kumi jinsi zilivyo, bila kuchagua, wanazigandisha kwenye katoni na kuifunga kwa lakiri. Katoni zinakuja kwetu, kwenye ghala la baridi nje kidogo ya Sugar Land, kwa sababu hakuna anayemwamini nahodha ahesabu kitu kitakachomfukuza mahali penye kamba. Sisi tunayeyusha barafu, akina mama wanachambua mezani na kuniwekea samaki kwenye beseni, mimi nyuma ya kioo nahesabu na kupima. Wakizidi samaki kumi wachanga kwa katoni, eneo linafungwa. Wakipungua, linafunguliwa.

Na lilikuwepo Eneo la Saba. Lilikuwa limefungwa miaka minne kwa sababu ndiko samaki wekundu wanakolelea wachanga wao. Kwa miezi saba nimekuwa nikipokea katoni za majaribio kutoka huko, na kwa miezi saba beseni langu lilikuwa linaleta wawili, mmoja, hakuna, hakuna. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Niliandika ripoti ya kurasa ishirini na sita kwamba nondo mpya zinafanya kazi. Jumatatu saa sita mchana nilitakiwa kuitia sahihi. Alhamisi meli kumi na moja zingeingia Eneo la Saba. Mimi ningekuwa mkuu wa kitengo, na Mama Scholastique, kiongozi wa meza, alikuwa ameniita chakula cha mchana kunipongeza.

“Mama,” nikasema tena, “hii mboga umeitoa wapi?”

Akanishangaa. “Ku kazi, chef. Si wewe uliniambiaka nibebe?”

“Mimi?”

“Ee, wewe. Nilikuuliza pale ku mlango, ile siku ya vendredi. Nikasema, chef, naweza beba mboga? Ukasema, beba tu mama, beba yote.”

Nilikumbuka. Mungu wangu, nilikumbuka vizuri kabisa. Jirani yetu pale ghalani ni kampuni ya kusambaza mboga, na kila Ijumaa wanaweka nje maboksi ya kabichi na spinachi zilizochubuka, anayetaka achukue. Mama mtu mzima aliniuliza kama anaweza kubeba mboga, nikaona majani. Nilijiona hata mkarimu. Kumbe kwao Uvira mboga si majani tu. Mboga ni chochote kinachoshuka na bugali: nyama, maharage, samaki. Nimekaa na Wakongo miaka miwili, nimekula kwenye harusi zao, na sikuwahi kulisikia hilo, kwa sababu muda wote nilikuwa nawasahihisha.

Ndiyo, nilikuwa nawasahihisha. Siku ya kwanza nilipowaambia tunachambua kamba, walitazamana, mmoja akauliza ni kamba ya kufungia nini. Wao wanasema crevette. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikawapa somo la Kiswahili sanifu. Nilipata A ya Kiswahili kwenye mtihani wa kidato cha nne na bado sijapona. Ni mimi niliyeandika ule ukurasa wa maelekezo uliobandikwa juu ya meza, herufi kubwa, ndani ya plastiki: KAMBA KATIKA KRETI. SAMAKI WOTE KATIKA BESENI JEUPE. VITU VINGINE VITUPWE. Kampuni ilinipigia makofi kwa sababu ya ukurasa ule.

“Mimi nilisema samaki wote kwenye beseni,” nikasema. Hasira ilikuwa imeanza kupanda, na niliiona inapanda. “Wote, Mama Scholastique. Imeandikwa. Juu ya kichwa chako!”

“Tuliweka bote!” Naye akapandisha. “Samaki hata mmoja hatujabeba. Jina la Yesu! Unaniita mwizi ndani ya nyumba yangu?”

“Na hii?” Nikakinyanyua kile kisamaki kwa mkia.

“Ile?” Alinitazama kama mtu anayeumwa. “Ile haiko samaki, chef. Ile ni ndagala.”

Binti yake Kethia, anayesoma chuo, alikuwa mlangoni na glasi za juisi. “Mom, ndagala is fish,” akasema.

“Nyamaza. Samaki ni mukeke. Samaki ni kuhe, zile zinajaza sahani. Ndagala ni ndagala. Nani anahesabu ndagala? Ndagala banapima na bakuli!”

Nikakirudisha kile kisamaki sahanini. Kwa sababu hata kwetu Kenya, mwambie mtu leo tunakula samaki, umtilie omena, dagaa wetu, uone atakavyokutazama. Si samaki, ni omena. Hakuna mtoto wa shule asiyejua kwamba omena ni samaki, na hakuna mama sokoni atakayemwita hivyo. Nililijua hilo tangu nikiwa mdogo, na bado nikaandika SAMAKI WOTE, nikalamba vidole na kujipongeza.

Basi ilikuwa hivi. Wakubwa waliingia kwenye beseni jeupe, kwa uaminifu, wote. Wadogo, kwa mujibu wa ukurasa wangu, walikuwa vitu vingine, wa kutupwa pamoja na konokono na mawe. Na wanawake sita waliotoka kwenye vita, walioishi kambini kwa mgao wa unga, wangetupaje chakula kilichogandishwa vizuri? Wakamtuma mkubwa wao aombe ruhusa. Akaomba. Chef akasema beba yote.

“Kila Ijumaa?” nikauliza.

“Kila vendredi. Tunagawa. Ingine tunapeleka kanisa, kwa bale bazee.”

“Wangapi, mama? Kwa katoni moja, kama wangapi?”

Akakunja viganja vyote viwili, akaviunganisha, akanionyesha. Viganja viwili vilivyojaa. Alinipeleka jikoni akafungua friza. Mifuko ilijaa mpaka juu, myekundu, macho yote yamegandana kwenye plastiki yakinitazama. Miezi saba ya kazi yangu ilikuwa humo, na iliyobaki ilikuwa imeliwa na waumini.

Sikumwambia chochote kuhusu kazi yake. Nilimwambia jambo moja tu, na nililisema vibaya, kwa haraka. “Hawa si dagaa. Dagaa ni mtu mzima mwenye mwili mdogo. Hawa ni watoto. Huyu samaki anaishi miaka hamsini. Anangoja miaka kumi na zaidi ndipo azae. Na hatagi mayai kama wengine, anazaa watoto walio hai. Hawa ndio hao.”

Mama Scholastique aliacha mlango wa friza wazi, baridi ikitumwagikia miguuni.

“Ni batoto?” akauliza.

“Ni watoto.”

“Batoto ba samaki mukubwa?”

“Ndiyo, mama.”

Nilidhani mshtuko wote ulikuwa wangu. Alikaa chini, pale pale sakafuni, mtu mzima na kitenge chake cha wageni. Kethia alikimbia kumshika. Miaka ishirini, aliniambia baadaye, alinunua samaki ufukoni Uvira na kuwauza sokoni, na wanawake wa ufuko wake walikuwa na sheria moja: anayekuja na vichanga vya mukeke vilivyovuliwa kwa chandarua, hanunuliwi, hata kama watoto wake wana njaa. Siku moja alimmwagia mtu beseni zima mchangani. Watu walimheshimu kwa hilo. “Na mimi huku nimekula,” akawa anasema, akijipiga kifua. “Nimepika. Nimepelekea kanisa. Nimekupa chef ya kula.”

“Mom, you didn't know,” Kethia akasema. “Hakuna mtu alikuambia.”

Lile “hakuna mtu” lilinipata mimi. Nilinawa, nikachukua mkoba, nikaendesha gari hadi kwangu Katy, na njia nzima ya barabara kuu sikumbuki hata taa moja.

Ghalani zilikuwa zimebaki katoni kumi na mbili za Eneo la Saba, lakiri bado haijakatwa. Jumapili baada ya ibada nilimpigia Mama Scholastique kumwomba aje. Alifika na wenzake wote watano, bado wamevaa nguo za kanisani, wakavaa aproni juu yake. Sikuwapa ukurasa wowote. Niliwaambia: kila chenye uti wa mgongo, hata kikiwa kama sindano, kiende kwenye beseni, na kihesabiwe kwa sauti.

Tuliyeyusha katoni ya kwanza kwenye maji baridi. Mama Scholastique akaanza. Moja, mbili, tatu. Kikomo kilikuwa kumi. Alifika kumi na hakupunguza mwendo. Alifika ishirini. Wale wengine waliacha kuchambua wakawa wanamtazama. Alifika hamsini, sauti yake ikaanza kukwaruza. Ilipofika sitini na nne, kreti ilibaki na kamba peke yao.

Katoni ya pili ilikuwa na hamsini na tisa. Ya tano ilikuwa na mia moja na tatu. Hapo nilitoka nje nikasimama kwenye jua la sehemu ya maegesho, nikalia kwa hasira, maana hizo ndizo nondo nilizozisifu kurasa ishirini na sita. Nondo hazikuwa zimezuia chochote. Waliozuia ni wanawake sita kwa vidole vyao, na mimi nikaita hiyo sayansi. Na anayejua kazi yake angejiuliza. Hakuna wavu duniani unaoleta sifuri mara nne mfululizo. Niliipenda ile sifuri, nikaacha kuuliza.

Jumatatu saa tatu asubuhi niliingia ofisini kwa Hollis, mkubwa wetu, mzee mpole anayeweka picha za wajukuu kila mahali. Nilimwekea mezani karatasi ya hesabu mpya. Nilimweleza kila kitu, mboga, ndagala, yote, na nikasema kosa ni langu: mimi ndiye niliyeandika maelekezo, mimi ndiye niliyetoa ruhusa, mimi ndiye niliyeamini tarakimu zisizoaminika. Nilisema nisipewe ukuu wa kitengo. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Hata sanduku la kubebea vitu vyangu nilikuwa nimelileta, liko kwenye gari.

Alisoma ile karatasi mara mbili. Kisha akainua simu mbele yangu, akawaambia watu wa kaskazini kwamba Eneo la Saba lisifunguliwe. Ilichukua dakika nne. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Jumamosi.

“Asante, Fiona,” akasema alipokata simu. “You did the right thing.” Akavuta kompyuta. Akasema sasa lazima turekebishe mfumo ili hili lisitokee tena, na kwamba ni jambo rahisi. Ukurasa wa Kiswahili utaondolewa. Kuanzia leo mchana maelekezo yatakuwa ya Kiingereza tu, na atakayegusa sampuli atafanya mtihani wa kusoma kwanza.

“Wale hawasomi Kiingereza,” nikasema.

“I know.”

“Hollis, wote sita. Mama Scholastique hawezi hata kusoma jina la Kiingereza la mtaa wake. They'll fail.”

“Basi wakala wa ajira aliyewaleta atawatafutia sehemu nyingine,” alisema, au kitu kama hicho. “Simfukuzi mtu. Sampuli zinahitaji watu wanaoelewa maelekezo.”

Nilipaza sauti. Niliambiwa baadaye ilisikika hadi kwenye korido. Nilimwambia walielewa maelekezo kuliko mimi niliyeyaandika, na kwamba kama kuna wa kuondoka ni mimi, nikamwambia kuhusu sanduku langu kwenye gari. Akanisubiri nimalize, kwa upole uleule.

“Wewe tunakuhitaji,” akasema. “You're the one who caught it.”

Nilitazama picha za wajukuu wake. Niliyemla samaki, niliyeandika, niliyeruhusu, nabaki. Waliokuja Jumapili na nguo za kanisani wakahesabu bila kulipwa ndio wanaondoka, leo, kabla ya chakula cha mchana. Nami ndiye ningewaambia, kwa sababu Kiswahili nakijua.

Niliwakuta mezani, wako kwenye katoni ya mwisho. Nilijaribu kuanza mara mbili. Mara ya tatu nikalisema lote kwa mkupuo, kwa maneno mafupi, na nilirudia ili nihakikishe wameelewa. Mmoja akatupa glavu chini akatoka. Mwingine akaanza kulia kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, na wenzake wakamshika. Nilingoja matusi. Niliyataka, nadhani yangenisaidia.

Mama Scholastique alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza.

“Na kule,” akauliza, “ile meli haitaenda?”

“Haitaenda, mama. Wamefunga.”

“Aksanti Mungu.” Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Kisha akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. “Kesho nani atakuja ku hii meza?”

“Sijui. Watu wapya.”

“Basi bale,” akasema, “ubaulize kwanza.”

“Niwaulize nini?”

“Kile banaita samaki, chef. Sisi hukutuulizaka.”